Padre Georges Lemaître: Kati ya Ubao wa Hisabati na Darubini

Watu wengi wakisikia ile nadharia inayosema kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo, na kwamba tangu mwanzo huo umeendelea kupanuka, hudhani ilitungwa na watu wasioamini kwa nia ya kuipinga Biblia. Kumbe aliyeileta mbele ya wanasayansi alikuwa padre. Tena hakuwa Mjesuiti, kama inavyoandikwa mara nyingi kwa makosa. Alikuwa padre wa jimbo, wa Jimbo Kuu la Mechelen nchini Ubelgiji, aliyefundisha katika Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven kwa karibu miaka 40. Jina lake ni Georges Lemaître.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi ili kuonyesha kwamba imani na sayansi hazigombani. Ni kweli, na nitaligusa jambo hilo. Lakini napenda tumtazame kwanza kwa upande unaosahaulika: namna alivyokuwa akiingia chumba kimoja cha elimu na kutoka kwenda kingine, akichukua huku na kupeleka kule, na namna kazi yake mwenyewe ilivyolala kabatini miaka mitatu kwa sababu haikuwafikia waliokuwa wakiihitaji.

Alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi, mji wa makaa ya mawe, chuma na vioo. Alikuwa wa kwanza kati ya ndugu wanne. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda cha vioo. Georges alisoma kwa Mapadre Wajesuiti, na alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alikwisha kutamka kwamba anataka kuwa padre na kwamba anataka kuwa mwanasayansi. Yote mawili, kwa wakati mmoja. Baba yake hakumkatalia, ila alimshauri amalize masomo kwanza. Baadaye kiwanda kiliungua, na familia ikahamia Brussels, ambako baba alipata kazi ya benki. Mwaka 1911 kijana aliingia Chuo Kikuu cha Leuven kusomea uhandisi wa migodi, fani ambayo katika nchi ya makaa ya mawe haikumnyima mtu mkate.

Hakuumaliza uhandisi huo. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Ubelgiji, na mwezi huohuo yakaichoma maktaba ya Chuo Kikuu cha Leuven. Vitabu na miswada iliyokusanywa kwa karne nyingi ikawa majivu. Georges na mdogo wake Jacques walijitolea kuingia jeshini. Alipigana kwanza katika kikosi cha miguu, kisha akahamishiwa kwenye mizinga. Aprili 1915, karibu na Ypres, alishuhudia gesi ya sumu ya klorini ikitumiwa na kuona ilivyowatenda watu. Na bado, kwenye mahandaki yale yenye tope, alikuwa na vitabu: alisoma kitabu cha Mfaransa Henri Poincaré kuhusu asili ya maumbile ya angani, na alisoma kitabu cha Mwanzo. Vita ilipokwisha alirudi nyumbani na nishani ya ushujaa, lakini si na hamu ya kurudia uhandisi.

Alirudi Leuven, safari hii kwa hisabati na fizikia. Mwaka 1919 alipata pia shahada ya kwanza ya falsafa ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na mwaka 1920 akapata udaktari wa hisabati chini ya Profesa Charles de la Vallée Poussin, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa zama zake. Mwaka huohuo akaingia seminari mjini Mechelen, katika Nyumba ya Mtakatifu Rombaut, iliyokuwa ya wale walioitwa wakiwa watu wazima, wengi wao wakiwa wametoka vitani.

Hapa ndipo mafrateri wetu wasimame kidogo. Askofu Mkuu wa Mechelen alikuwa Kardinali Désiré Mercier, mtu aliyekuwa profesa wa falsafa kabla hajawa askofu, na aliyeanzisha pale Leuven Taasisi ya Juu ya Falsafa kwa lengo kwamba mawazo ya Mtakatifu Tomaso yakutane na sayansi za siku hizo, yasibaki yamefungiwa. Katika seminari ya Kardinali huyo, frateri Lemaître aliruhusiwa kuendelea kujisomea kazi za Albert Einstein katika muda uliobaki baada ya teolojia na sala. Nadharia ya uhusianifu ilikuwa bado mpya, na wataalamu walioielewa Ubelgiji walikuwa wachache. Alijifunza karibu peke yake, akaandika tasnifu juu ya fizikia ya Einstein, na tasnifu hiyo ikampatia ufadhili wa serikali wa kwenda kusoma nje. Ingekuwa rahisi kwa walezi kumwambia aweke mambo hayo kando hadi apadrishwe. Hawakumwambia hivyo, na sidhani kama malezi yake ya kipadre yalipungua kwa ajili hiyo. Tangu alipopadrishwa hadi mwisho wa maisha yake alikuwa katika udugu wa mapadre walioitwa Marafiki wa Yesu, walioshika nadhiri, ufukara ukiwa mojawapo, na kufanya mafungo marefu ya kimya kila mwaka.

Kardinali Mercier alimpa daraja takatifu ya upadre tarehe 22 Septemba 1923. Majuma machache baadaye padre mpya alikuwa Cambridge, Uingereza, akikaa katika Nyumba ya Mtakatifu Edmund, makazi ya mapadre Wakatoliki waliosoma pale. Mwalimu wake alikuwa Arthur Eddington, Mkristo wa madhehebu ya Quaker. Huyu ndiye aliyesafiri mwaka 1919 hadi kisiwa cha Príncipe, pwani ya magharibi ya bara letu, akapiga picha nyota wakati wa kupatwa kwa jua na kuonyesha kwamba mwanga hupinda kama Einstein alivyokokotoa. Baada ya mwaka mmoja Lemaître alivuka bahari kwenda Marekani, kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Harvard chini ya Harlow Shapley. Kituo hicho kilikuwa hakitoi udaktari, kwa hiyo alijiandikisha kwa ajili ya shahada katika taasisi jirani ya teknolojia ya Massachusetts. Alikuwa Cambridge, basi, mwanafunzi wa hesabu. Harvard akawa mwanafunzi wa darubini.

Ili tuone uzito wa jambo hilo, ni lazima tujue hali ilivyokuwa. Mwaka 1917 Einstein alichukua milinganyo yake na kuitumia kwa ulimwengu mzima. Milinganyo ilimwonyesha ulimwengu usiotulia, unaotaka ama kujikunja ama kutanuka. Yeye aliamini, kama karibu kila mtu wakati ule, kwamba ulimwengu kwa ujumla wake umetulia tuli. Basi akaongeza kiasi kimoja ndani ya mlinganyo ili kuuzuia. Mholanzi Willem de Sitter akapata jibu jingine, ambalo lilikuwa la ulimwengu usio na maada ndani yake. Wataalamu wa nadharia wakabaki wakibishana juu ya majibu hayo mawili, kalamu na karatasi mkononi.

Mbali nao, huko Flagstaff, Arizona, Vesto Slipher alikuwa tangu mwaka 1912 akipima mwanga wa mawingu hafifu ya angani ambayo leo tunayaita galaksi. Ndugu msomaji, umesikia king'ora cha gari la wagonjwa: likija kwako sauti huwa nyembamba, likikupita na kwenda zake sauti hushuka na kuwa nzito. Mwanga nao una tabia kama hiyo. Kitu kikikujia, mwanga wake huelekea kwenye rangi ya buluu. Kikikukimbia, huelekea kwenye wekundu. Slipher aligundua kwamba galaksi nyingi sana zina wekundu huo. Zinatukimbia, tena kwa mamia ya kilomita kwa sekunde. Kwa nini? Hakukuwa na jibu la kuridhisha. Wenye darubini walikuwa na namba zisizo na maana. Wenye hisabati walikuwa na maana zisizo na namba. Na wengi wao hawakuwa wakisomana.

Tarehe 1 Januari 1925 wanafalaki wa Marekani walikutana Washington, na Padre Lemaître alikuwamo ukumbini. Siku hiyo ilisomwa taarifa ya Edwin Hubble kwamba amepata nyota za kupimia umbali ndani ya wingu la Andromeda, na kwamba wingu hilo liko mbali sana nje ya kundi letu la nyota. Wengi ukumbini walisikia habari ya falaki. Lemaître, mwenye hisabati ya Einstein kichwani, alisikia kwamba sasa umbali wa galaksi unaweza kupimwa; na kama umbali unapimika na mwendo unapimika, nadharia za ulimwengu zinaweza kujaribiwa. Mwaka huohuo alifunga safari kwenda Flagstaff kuonana na Slipher, na California kuonana na Hubble. Hakuridhika na kusoma makala zao. Alikwenda kuwauliza wenyewe.

Akarudi Leuven kufundisha, na mwaka 1927 akatoa makala ambayo kichwa chake kirefu kilitaja mambo mawili katika sentensi moja: ulimwengu ambao nusu ya kipenyo chake inaongezeka, na mwendo wa galaksi. Humo alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaopanuka, na kwamba wekundu wa mwanga wa galaksi ndio alama ya upanukaji huo. Galaksi hazikimbii kupita katikati ya anga kama risasi. Ni anga yenyewe inayotanuka na kuzibeba. Chukua donge la unga wa maandazi lililotiwa hamira, na ndani yake punje za iliki. Unga ukiumuka, kila punje itajiona inaachwa na wenzake wote, na iliyo mbali zaidi itaonekana inakwenda kasi zaidi, wala hakuna punje iliyohama mahali pake ndani ya unga. Hakuishia kwenye mfano. Alichukua mwendo wa galaksi 42 na makadirio ya umbali wake, akakokotoa kasi ya upanukaji: kama kilomita 625 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, yaani umbali wa miaka ya mwanga milioni 3.26. Leo tunajua kasi hiyo ni kama 70 tu, maana umbali uliopimwa wakati ule ulikuwa na makosa makubwa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kiasi hicho kukokotolewa kutokana na vipimo na kuelezwa kwa nadharia hiyo.

Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amepata hisabati ya namna hiyo mwaka 1922, akafariki 1925. Yeye hakuiunganisha na galaksi. Simtaji ili kumpunguzia sifa. Ninamtaja kwa sababu anaonyesha wazi alichoongeza Lemaître: si hesabu peke yake, bali daraja kati ya hesabu na vipimo.

Sasa tazama kilichotokea. Makala hiyo ilitolewa kwa Kifaransa katika jarida la Chama cha Kisayansi cha Brussels, jarida zuri la Wakatoliki wa Ubelgiji, ambalo Cambridge na California hakuna aliyekuwa akilisubiri kwa hamu. Ikanyamaza. Oktoba 1927 Einstein alifika Brussels kwa mkutano maarufu wa Solvay, na Lemaître akapata kuzungumza naye wakitembea katika bustani. Einstein alikuwa ameisoma makala. Alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, ila kwa upande wa fizikia wazo lenyewe lilimchukiza. Na ni yeye aliyemjulisha habari za Friedmann. Baadaye, wakiwa pamoja ndani ya teksi, padre akaleta mazungumzo juu ya mwendo wa galaksi. Kwa mshangao akaona kwamba mwanafizikia mkuu kuliko wote hakuwa na habari za kutosha juu ya vipimo vya wanafalaki. Hakuwa mtu wa kudharau vipimo. Vilikuwa tu katika chumba ambacho hakukizoea kuingia.

Mwaka 1929 Hubble alitangaza kutoka California kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia haraka zaidi. Alikuwa na vipimo vizuri kuliko vya Lemaître, lakini hakusema kwamba ulimwengu unapanuka. Januari 1930, katika kikao cha chama cha wanafalaki wa Uingereza, Eddington na de Sitter walikiri kwamba hakuna jibu kati ya yale mawili ya zamani linalofaa, na wakajiuliza kama kuna la tatu. Lemaître alisoma taarifa ya kikao hicho akiwa Leuven. Fikiri hali yake: mwalimu wake wa zamani anatafuta hadharani kitu ambacho mwanafunzi alikwisha kukiandika miaka mitatu kabla. Hakulalamika. Alimwandikia Eddington kumkumbusha makala ya 1927. Eddington aliona aibu, na kwa heshima ya kweli akaanza kuitangaza kazi ya mwanafunzi wake kila alikopita, akampelekea de Sitter nakala. Mwaka 1931 tafsiri ya Kiingereza ikatoka katika jarida la chama hicho.

Tafsiri hiyo ilikosa aya zilizohusu kukokotoa ile kasi ya upanukaji. Kwa miaka mingi watu walishuku kwamba kuna mtu aliyezifuta ili sifa yote imwendee Hubble. Mwaka 2011 ilionekana barua ya Lemaître mwenyewe kwa mhariri: alikuwa ametafsiri kwa mkono wake, na ndiye aliyeziacha aya hizo, akiona kwamba namba zake za 1927 zimepitwa na hakuna faida ya kuzirudia. Ni unyenyekevu, naam, lakini pia naona ni kosa dogo la kiutafiti. Alidhani msomaji anahitaji namba mpya tu. Hakufikiri kwamba msomaji angehitaji kujua nani alipita wapi na lini. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipiga kura, na asilimia 78 ya waliopiga wakakubali kwamba kanuni iliyokuwa ikiitwa ya Hubble iitwe ya Hubble na Lemaître.

Mwaka huohuo wa 1931, katika barua fupi kwenye jarida la Nature la tarehe 9 Mei, alikwenda mbali zaidi. Kama ulimwengu unapanuka, basi ukirudi nyuma unakuta ulikuwa mdogo, na mwisho unafika kwenye mwanzo, ambao yeye aliueleza kwa lugha ya fizikia ya chembe ndogo: kitu kimoja, kama atomu moja kubwa ajabu, iliyogawanyika na kuzaa vyote. Mwaka 1949 Mwingereza Fred Hoyle, aliyeipinga nadharia hiyo, aliipa redioni jina la Mlipuko Mkuu, na jina likashika.

Katika rasimu ya barua ile ya Nature kulikuwa na aya ya mwisho iliyosema, kwa ufupi, kwamba anayemwamini Mungu anajua Mungu ni aliyefichika, na anaweza kufurahi kuona fizikia inavyoacha pazia juu ya uumbaji. Aliikata kwa kalamu kabla ya kuituma. Hakuikana, aliona tu kwamba hapo si mahali pake. Mungu aliyefichika, yule wa nabii Isaya, alibaki moyoni mwake, na miaka mingi baadaye alimtaja mbele ya wanasayansi. Lakini alishikilia kwamba nadharia yake haithibitishi wala haikanushi fundisho la uumbaji. Kwake, mwanzo wa kifizikia si kitu kilekile na uumbaji wa teolojia: uumbaji ni kwamba vitu vyote, saa hii pia, vinamtegemea Mungu ili viwepo, na hilo halipimwi kwa darubini.

Msimamo huo ulijaribiwa mahali pagumu. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mjumbe wake tangu 1936, na akasema kwa furaha kwamba sayansi ya siku hizi inaonekana kushuhudia ile saa ya kwanza ambapo Mungu alisema iwe nuru. Waamini wengi walifurahi. Lemaître alihangaika. Nadharia yake ilikuwa bado changa na ina wapinzani wenye uwezo. Kama Kanisa lingeiegemea, wapinzani wangesema hii ni dini iliyovaa koti la sayansi, na siku nadharia ingerekebishwa, watu wangedhani imani nayo imerekebishwa. Mwaka 1952, akiwa safarini kwenda kwenye mkutano wa kisayansi Afrika Kusini, alipitia Roma akazungumza na Padre Daniel O'Connell, Mjesuiti mkuu wa kituo cha nyota cha Vatikano. Septemba mwaka huohuo Baba Mtakatifu aliwahutubia wanafalaki wa dunia waliokutanika Roma, na safari hii hakuihusisha nadharia hiyo na uumbaji. Padre alikuwa amemtii Papa na papo hapo amemtumikia kwa kile alichokijua kuliko wengine. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya rais wa Taasisi hiyohiyo.

Pale Leuven wanafunzi walimkumbuka kwa kicheko chake kikubwa kilichosikika koridoni. Tangu miaka ya mwisho ya 1920 aliwalea wanafunzi waliotoka China, akajifunza na maandishi yao kidogo. Alifanya utafiti na Manuel Vallarta, Mmeksiko aliyefundisha Massachusetts, juu ya mionzi inayotoka angani. Wakati huo Arthur Compton alikuwa amekusanya vipimo kutoka sehemu nyingi za dunia vikionyesha kwamba karibu na ikweta mionzi hiyo hupungua. Lemaître na Vallarta wakaonyesha kwa hesabu jinsi usumaku wa dunia unavyopindisha chembe zenye chaji, wakatumia na mashine kubwa ya kukokotoa ya Vannevar Bush. Tangu hapo mashine za hesabu zikawa mapenzi yake. Vita vya pili vilimtenga na wenzake wa nje, na maktaba ya chuo ikaungua tena mwaka 1940. Lakini mwaka 1958, akiwa na miaka 64, aliingiza kompyuta ya kwanza pale chuoni na kukaa mwenyewe kuandika programu, umri ambao wengine wetu hata simu hutuomba tusaidiwe na wajukuu.

Huzuni ya miaka yake ya mwisho ilikuwa chuo chenyewe. Ugomvi wa lugha kati ya Waflemi na wasemaji wa Kifaransa ulifikia hatua ya kudai kwamba Leuven igawanywe. Lemaître, msemaji wa Kifaransa, aliongoza chama cha walimu wa lugha yake waliopinga mgawanyo huo. Hakuuona. Uliamuliwa mwaka 1968, naye alikwisha kufariki. Na maktaba, ile iliyoungua mara mbili na kujengwa mara mbili, ikagawanywa, vitabu vyenye namba witiri upande mmoja na vyenye namba shufwa upande mwingine.

Desemba 1964 moyo wake ulipata mshtuko. Mwaka uliofuata, katika jimbo la New Jersey, Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakihangaika na mnong'ono wa redio kwenye antena yao, ambao haukuisha hata walipokwisha kusafisha kinyesi cha njiwa ndani yake. Mwendo usiozidi saa moja na nusu kwa gari kutoka hapo, huko Princeton, kundi la Robert Dicke lilikuwa likijenga chombo cha kutafuta joto lililobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Makundi hayo mawili hayakujuana. Mtu wa tatu, aliyejua habari za pande zote mbili, alimshauri Penzias apige simu Princeton. Na mwaka 1965 makala mbili zikatoka pamoja katika jarida moja, moja ikieleza kipimo na nyingine ikieleza maana yake.

Habari hiyo aliletewa Lemaître na Odon Godart, aliyekuwa msaidizi wake wa zamani, katika hospitali ya Leuven, Juni 1966. Alikuwa na saratani ya damu, lakini akili yake ilikuwa timamu, akamsikiliza, akafurahi. Alifariki tarehe 20 Juni, chini ya mwezi mmoja kabla ya kutimiza miaka 72, na akazikwa Marcinelle, pembeni mwa Charleroi, karibu na alikozaliwa.